Neno Moja Katika Shajara ya Tosa

Kazi yangu ya usomi ilianza kweli asubuhi moja ya mwezi wa Juni mwaka 2001, katika chumba cha semina chenye meza moja ndefu na wanafunzi saba, nilipoulizwa swali kuhusu neno la silabi mbili nikakosa jibu. Neno lenyewe ni naru. Limo katika sentensi ya kwanza ya Tosa Nikki, yaani Shajara ya Tosa, kitabu kidogo cha mshairi Ki no Tsurayuki kinachosimulia safari ya baharini ya mwaka 935, alipokuwa akirejea mji mkuu, ambao ndio Kyoto ya leo, baada ya kumaliza muda wake wa ugavana katika jimbo la Tosa. Tsurayuki alikuwa mwanamume na ofisa wa serikali, na maofisa wa wakati wake waliandika shajara zao kwa Kichina. Yeye aliamua kuvaa sauti ya mwanamke na kuandika kwa Kijapani, kwa kana, herufi zinazowakilisha sauti za lugha hiyo. Sentensi yake ya kwanza ni hii: otoko mo su naru nikki to iu mono wo, onna mo shite min tote suru nari. Maana yake ni kwamba shajara, kitu ambacho nasikia wanaume hukiandika, nami mwanamke nakiandika ili nijaribu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tatu. Nilisoma kwa sauti, nikatoa tafsiri yangu kwa Kijapani cha kisasa, nikasema wanaume ndio waandikao shajara. Mwalimu wangu hakunikemea. Aliniuliza jambo moja tu: "Huyu anayesema hapa, amewaona wanaume wakiandika, au amesikia?" Nikanyamaza. Katika sentensi ile yamo maneno naru na nari, yanayofanana kama mapacha, lakini la kwanza limefuata kitenzi kilicho katika umbo la kumalizia sentensi, su, na kwa hiyo linabeba habari iliyosikika kwa watu, ilhali la pili limefuata umbo la kivumishi, suru, na kwa hiyo linathibitisha. Wanafunzi wa sekondari wa Japani hufundishwa tofauti hii kwa mfano uleule, na wenzangu sita pale mezani walikuwa wakiijua tangu utotoni. Mimi nilikuwa na shahada ya isimu na Kiswahili, nilikuwa nimekaa Japani kwa miaka miwili, na nilikuwa nimepita juu ya neno lile kama mtu anayeruka kidimbwi barabarani.

Nilipofika chumbani kwangu jioni ile niliandika kwenye daftari: nasikia. Kiswahili kilikuwa na neno lake muda wote. Mtu wa kwetu anaposema "nasikia fulani ameoa", kila anayemsikiliza anajua kwamba msemaji hakuwapo arusini na hataki kubeba dhamana ya habari hiyo. Kilichoniponza ni kwamba sikuwa nikisoma kwa lugha yangu. Nilikuwa nimeifikia sarufi ya Kijapani cha kale kupitia vitabu vya Kiingereza, na vitabu vile vilikuwa vimenipa jina la umbo bila kunipa sauti ya mtu anayelitumia. Tangu siku hiyo niliweka desturi ambayo sijaiacha: kila kifungu cha kale ninachokisoma nakifasiri kwanza kwa Kiswahili, kwa penseli, kabla sijafungua tafsiri ya mtu mwingine.

Watu huniuliza nilifikaje huko. Nilizaliwa Mombasa, nikasoma chuo kikuu nchini Kenya, nikapata ufadhili wa serikali ya Japani, nikafika mwezi wa Aprili mwaka 1999 nikiwa na nia ya kusoma isimu. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya kujifunza lugha tangu asubuhi hadi jioni. Mwalimu mmoja wa darasa lile, katika kutupumzisha, alituandikia ubaoni shairi la kale la waka, akatuhesabia kwa kupiga vidole mezani: tano, saba, tano, saba, saba. Wenzangu kutoka nchi nyingine walihangaika na hesabu ile kwa sababu n ya Kijapani inayosimama peke yake huhesabiwa kama kipimo kamili. Mimi sikuhangaika hata kidogo. Mtoto aliyelelewa kati ya mashairi ya pwani anajua kwamba "mtu" ni mizani mbili, m na tu, na kwamba mshairi anayesahau m hiyo ubeti wake utakuwa guni. Nilihesabu mizani 31 bila kukosea, na nadhani ni siku ile nilipoanza kuondoka katika isimu, ingawa ilinichukua mwaka mzima kukiri.

Mama alipopata habari kwamba nimebadilisha fani, alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, na hicho unachosoma, kitakulisha?" Sikuwa na jibu la kweli, nikamwambia, "Inshallah, Mama." Swali lake lilikuwa la haki kuliko nilivyotaka kukubali, na nitalirudia.

Nilipowaza kuhusu fasihi ya kale ya Japani kabla ya kuisoma, niliwaza vitabu vikubwa: Genji Monogatari ya Murasaki Shikibu, yenye sura 54 na mashairi 795 ndani yake, Man'yōshū yenye mashairi zaidi ya 4,500, Kokinshū iliyokusanywa kwa amri ya mfalme mwaka 905, ambayo Tsurayuki huyohuyo aliiandikia utangulizi. Nilichokuta ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotufikia kwa mkono wa mtunzi wake. Vyote ni nakala za nakala. Kati yetu na Murasaki Shikibu kuna msururu wa watu walioinama juu ya karatasi wakiandika usiku kucha, wengine wakikosea, wengine wakirekebisha kisichohitaji kurekebishwa, na kazi ya msomi ni kuwajua watu hao mmoja mmoja.

Niliyemjua zaidi ni Fujiwara no Teika, mshairi aliyezaliwa mwaka 1162. Mwaka 1235, akiwa na umri wa miaka 74 kwa hesabu ya Kijapani, alikutana na maandishi ya mkono wa Tsurayuki mwenyewe, hati ya Shajara ya Tosa iliyokuwa imehifadhiwa katika hazina ya hekalu la Rengeō-in mjini Kyoto, ikiwa na miaka mia tatu tayari. Tunajua hayo kwa sababu mwishoni mwa nakala yake Teika aliandika maelezo ya mnakili, yanayoitwa okugaki. Anasema ni mzee mgonjwa, macho yake ni kama ya kipofu, na kwamba ameiona hati hiyo bila kutarajia. Anaandika urefu na upana wa karatasi, kwamba hazina mistari, kwamba ni vipande 26 vilivyounganishwa, kwamba hakuna kijiti cha kuviringishia. Anasema alimaliza kunakili kwa siku mbili. Kisha, ili wajao baada yake wapate kuona mwandiko wa Tsurayuki ulivyokuwa, sehemu ya mwisho ya shajara aliiga umbo la herufi zenyewe, mkunjo kwa mkunjo.

Nilipoyasoma maelezo yale kwa mara ya kwanza, katika picha iliyochapishwa, nilikaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa. Hapa palikuwa na mzee asiyeona vizuri, aliyejua kwamba kitu alichoshika kinaweza kupotea, na kwa hakika kimepotea, kwani hati ya Tsurayuki haipo tena. Alitumia siku mbili za uzee wake kutupimia karatasi.

Na bado Teika si mnakili wa kuaminiwa kwa kila herufi. Mwaka uliofuata, 1236, mwanawe Tameie aliinakili hati ileile, naye akajifunga kuifuata herufi kwa herufi. Ukiweka nakala hizi mbili pamoja unaona kwamba baba, msomi mkubwa kuliko wote wa zama zake, alibadilisha tahajia pale alipodhani anajua zaidi, na mwana, ambaye hakujaribu kuwa na maoni, ndiye aliyetuletea umbo la Tsurayuki kwa uaminifu mkubwa. Tasnifu yangu ya uzamivu iliishi katika nafasi kati ya baba na mwana hao. Nilianza nikiwa upande wa Tameie bila shaka yoyote. Nilipomaliza, mwaka 2007, nilikuwa nimemwelewa Teika pia: alinakili kitabu ili kisomwe na watu wa wakati wake, na mtu anayetaka kitabu kisomwe hushawishika kukinyoosha. Mimi mwenyewe, ninapowaandalia wanafunzi matini, hunyoosha.

Kusoma mwandiko wenyewe kulinichukua miaka. Kana za kale hazikuwa na umbo moja kwa kila sauti; sauti ha peke yake iliweza kuandikwa kwa maumbo yaliyotokana na herufi nne au zaidi za Kichina, na mwandishi alichagua kwa uzuri wa ukurasa au kwa mazoea ya mkono. Herufi zinaungana kama maji yanayoteremka. Maneno hayatenganishwi, vituo havipo, wala hakuna alama ya kutofautisha ka na ga, au ha na ba, hivyo msomaji ndiye anayeamua kwa kuelewa maana. Mwaka 1900 serikali ya Japani iliagiza shule za msingi zifundishe umbo moja tu kwa kila sauti, na leo Wajapani wengi hawawezi kusoma barua iliyoandikwa na babu wa babu yao. Nilipoelezwa hilo nilishtuka zaidi ya nilivyoonyesha, kwa kuwa nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku lenye daftari za babu yangu, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika familia nzima ni shangazi yangu peke yake aliyeweza kuzisoma. Mimi nilikuwa nikijifunza mwandiko wa watu wa Kyoto wa karne ya 13 kwa fedha za serikali yao, na mwandiko wa babu yangu sikuujua.

Mwaka 2004 nilikuwa nikienda mara kwa mara Tokyo, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa fasihi ya Japani, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika mtaa wa Togoshi kabla ya kuhamia Tachikawa mwaka 2008. Taasisi ile ilianzishwa mwaka 1972, na imepiga picha hati kutoka maktaba za nchi nzima. Nilisoma mikrofilamu katika chumba chenye giza, nikizungusha gurudumu kwa mkono mpaka kichefuchefu kikanipata. Picha hizo zilinifaa sana, lakini somo ninalolithamini zaidi nililipata katika maktaba ndogo ya mkoani, mbele ya kitabu chenyewe. Kabla ya kukigusa nilinawa mikono kwa sabuni, nikaikausha vizuri, nikavua saa na pete, nikaweka kalamu ya wino mbali na kubaki na penseli. Glovu hazitumiki kwa vitabu hivi. Karatasi yake hutengenezwa kwa nyuzi za magome ya mti wa kozo, ni nyepesi na imara, na kidole kilicho safi ndicho kinachohisi kama kurasa mbili zimegandana.

Kilikuwa nakala ya kawaida ya Shajara ya Tosa ya karne ya 17 au 18, isiyo na jina la mnakili, na hakuna aliyewahi kuihangaikia. Wadudu walikuwa wameitoboa. Katika vitabu vya aina hii tundu la mdudu hupita kutoka karatasi moja hadi nyingine, likipungua au kupanuka kidogo kidogo, kwa hiyo ukifunua taratibu unaona alama ileile ikitembea kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilikuwa nikiifuata bila kufikiri, mpaka karatasi moja ikaniletea tundu lisilolingana na jirani zake. Nikahesabu, nikarudi nyuma, nikagundua kwamba karatasi ile ililingana na mahali pengine, karatasi tano mbele. Kitabu kiliwahi kufunguliwa uzi na kushonwa upya vibaya, na kwa sababu hiyo kifungu kimoja ambacho orodha ya maktaba ilikiita "tofauti ya matini" hakikuwa tofauti yoyote, kilikuwa ni karatasi iliyopotea njia. Ugunduzi ule ulizaa makala ya kurasa sita. Ni makala ninayoipenda kuliko zote nilizoandika, na ninaamini haijasomwa na watu wengi.

Sasa nirudi kwa swali la Mama. Baada ya shahada ya uzamivu nilikuwa mhadhiri wa muda kwa miaka sita. Mhadhiri wa muda nchini Japani hulipwa kwa kipindi, kinachoitwa koma, cha dakika 90. Hana ofisi, hukaa katika chumba cha pamoja chenye birika la chai na kabati la funguo, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Kuna wiki nilizofundisha katika vyuo vitatu, nikila chakula cha mchana kituoni nikisubiri treni, na karibu vipindi vyote vilikuwa vya Kiingereza kwa sababu ndicho walichotaka kutoka kwangu. Muswada wa kitabu changu niliuandika kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Nilituma maombi ya kazi ya kudumu mara nyingi, na katika usaili mmoja mjumbe wa kamati aliniuliza kama nadhani mwanafunzi wa Kijapani atakubali kufundishwa fasihi yake ya kale na mtu aliyetoka mbali hivi. Nilimjibu kwamba Tsurayuki alikufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwamba mwanafunzi wa Osaka na mimi tunaanza safari ya kumfikia kutoka vituo tofauti, lakini njia ya mwisho ni ileile na inapita kwenye sarufi ileile. Kazi sikuipata. Jibu lile bado ninalishika, ingawa ningependa kuongeza kwamba kituo chake kiko karibu zaidi, na si haki kujifanya vinginevyo. Kazi ya kudumu niliipata mwaka 2013, katika chuo kisichokuwa na jina kubwa, na ninawashukuru waliosoma kurasa zangu sita za matundu ya wadudu wakaniita.

Kuna kosa jingine ninalotaka kulitaja kwa sababu vijana wanaoniandikia kutoka Nairobi na Dar es Salaam huja na wazo lilelile. Mapema katika masomo yangu niliandika makala ya kulinganisha Heike Monogatari, simulizi ya kuanguka kwa ukoo wa Taira iliyokuwa ikiimbwa na watawa vipofu wapiga biwa, ala ya nyuzi, na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaoulilia mji wa Pate ulioporomoka. Zote mbili zinatazama majumba ya wakubwa yakibaki magofu, na mimi nilifurahi mno na kufanana huko. Makala ilikataliwa. Msomaji mmoja wa jarida aliandika kwamba nimeonyesha yanafanana lakini sijaonyesha kwa nini inafaa kujua. Iliniuma, kisha nikamkubali. Kengele inayolia mwanzoni mwa Heike inatangaza fundisho la Kibudha kwamba hakuna kinachodumu, na huzuni yake inatulia hapo; Sayyid Abdalla anauambia moyo wake mwenyewe uzinduke kabla ya kuhesabiwa mbele ya Mungu. Magofu ni yaleyale, lakini anayeyatazama anaelekea upande mwingine. Laiti ningeandika makala kuhusu kutofanana huko.

Msaada wa Kiswahili umekuwa katika mambo madogo zaidi. Katika Genji mara nyingi mtenda hatajwi, na msomaji hutambua nani anafanya nini kwa daraja la heshima lililo ndani ya kitenzi. Wageni wengi hulia na jambo hili. Lakini mtu wa pwani akisikia nyuma ya ukuta sauti moja ikisema "Shikamoo" na nyingine "Marahaba", tayari anajua nani mdogo na nani mkubwa bila kusikia jina. Pia tafsiri za Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke mahali ambapo matini imenyamaza, wakati kiambishi chetu cha a- huacha mlango huo wazi. Na ninapofundisha kakekotoba, neno moja linalobeba maana mbili katika shairi, huanza na shairi la Ono no Komachi kuhusu rangi ya ua iliyofifia, ambamo furu ni mvua kunyesha na pia ni umri kupita, na nagame ni mvua isiyokatika na pia ni kutazama kwa mawazo mengi. Kisha huwaandikia wanafunzi wangu neno "kaa" ubaoni na kuwaeleza kwamba kwetu ni kuketi, ni mnyama wa pwani mwenye magamba, na ni kipande cha moto. Hufurahi, na baada ya hapo hawaogopi tena Komachi.

Mambo yamebadilika tangu nilipokuwa nikizungusha mikrofilamu. Picha za hati laki kadhaa sasa ziko kwenye intaneti, na mwaka 2021 watafiti wa kituo kimoja mjini Tokyo walitoa programu ya simu inayosoma mwandiko wa kale kwa akili bandia. Inaitwa miwo, kutokana na Miotsukushi, sura ya 14 ya Genji, neno ambalo maana yake ni nguzo zilizosimikwa majini kuwaonyesha manahodha mkondo wa kupita. Ni jina zuri na la unyenyekevu. Wanafunzi wangu wanaitumia na siwakatazi, ila nawataka kwanza wasome mistari mitano kwa macho yao, waandike walichoona, ndipo waiulize simu. Programu hutoa herufi kwa sekunde chache. Kama su naru ile ni ya kusikia au ya kuthibitisha, hiyo bado ni kazi ya anayesoma. Na hati mpya bado zinapatikana: mwaka 2019 ilitangazwa kwamba sura ya tano ya Genji katika nakala ya Teika imeonekana katika nyumba moja mjini Tokyo, wakati kabla ya hapo sura nne tu za nakala yake zilikuwa zikijulikana. Siku hiyo niliacha somo nililoandaa, tukazungumza juu ya sura hiyo kipindi chote.

Sasa ninaitafsiri Shajara ya Tosa kwa Kiswahili. Safari ya Tsurayuki ilichukua siku 55, nyingi zikiwa za kukaa bandarini kungoja upepo na kuhofia maharamia, na sihitaji tanbihi yoyote kuyaeleza hayo kwa watu wanaoijua kusi na kaskazi. Kilicho kigumu ni mtoto. Ndani ya jahazi wamo wazazi waliokwenda Tosa na binti mdogo aliyezaliwa mji mkuu, na wanarudi bila yeye, kwa kuwa alifia huko. Siku ya nne ya mwezi wa pili wanatia nanga mahali penye ufuko uliojaa makombe mazuri na mawe ya kila namna. Kuna kombe linaloitwa kombe la kusahau. Mmoja wa waliomo chomboni anatunga shairi akiyaomba mawimbi yalilete kombe hilo, ashuke aliokote, amsahau anayemlilia. Mwingine hawezi kuvumilia, anamjibu. Jibu hilo nimelitafsiri mara nyingi kuliko kifungu kingine chochote, na kwa sasa limekaa hivi, kwa mizani 31:

Sitaokota
kombe la kusahau;
lulu nyeupe,
kuitamani kwangu
kuwe ni kumbukumbu.

Baada ya shairi mwandishi anasema kwamba mbele ya binti mzazi hugeuka mtoto. Watu watasema hakuwa lulu kiasi hicho, lakini kuna msemo kwamba mtoto aliyekufa alikuwa na uso mzuri. Hapo ndipo tafsiri yangu ilipokwama kwa miezi, kwa sababu kila nilipoiweka kwa Kiswahili sanifu iligeuka kuwa hotuba. Mwishowe nilimsomea Mama kwa simu. Alikaa kimya, kisha akasema neno moja tu, "Kweli", nikaliacha kama nilivyomsomea.

Mwaka jana nilikwenda Mombasa likizoni, nikafungua sanduku la babu. Nilikuwa nimejifunza herufi zile polepole kwa miaka, jioni, baada ya kazi. Babu alikuwa karani wa majahazi yaliyoleta boriti kutoka Lamu, na daftari zake ni za hesabu, na humo katikati kuna kasida alizonakili. Mwandiko wake hautofautishi b na p, kama kana zisivyotofautisha ha na ba, na irabu i na e zina alama moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mikono imenawiwa, saa nimeivua, nikimsomea shangazi ukurasa mmoja wa madeni. Nilifika kwenye mstari mmoja nikasoma, "Deni la bati."

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Bati gani, mwanangu? Babu yako hakuuza bati hata siku moja. Hilo ni Pate. Kulikuwa na mtu wa Pate aliyemkopesha fedha za chombo, na alikufa hajalipwa, na babu yako alilisema deni hilo mpaka mwisho wake."

Nilimwuliza kama alimwona mtu huyo. Akasema hakumwona, alisikia tu kwa mama yake. Nilichukua penseli, na pembeni mwa mstari ule, katika nakala niliyokuwa nikiiandika, nikaandika: Pate, kwa kauli ya shangazi, ambaye naye alisikia.